Kustaafia Thailand: mwongozo kamili, kuanzia hesabu ya pensheni hadi wosia

Mtu anayewaza kustaafia Thailand huanza kwa kuuliza chakula ni bei gani. Jibu linafurahisha: sahani ya wali na kuku mtaani hupatikana kwa baht 50 au 60, yaani chini ya dola mbili. Ila wastaafu wanaolazimika kufungasha na kurudi walikotoka mara nyingi hawarudishwi na bei ya chakula. Wanarudishwa na viza iliyoharibika au bili ya hospitali. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye karatasi, benki na matibabu, na fukwe utazipita haraka.

Nimeuandika nikiwafikiria watu wa aina mbili. Kuna mstaafu wa Afrika Mashariki mwenye kiinua mgongo kizuri au nyumba za kupangisha. Na kuna ndugu zetu waliofanya kazi miaka mingi Uingereza, Marekani, Canada au Ghuba, wanaoona pensheni yao haitawatosha kuishi huko huko walikoichuma.

Kwa nini Thailand na si jirani zake? Vietnam haina viza ya wastaafu. Malaysia ingewavutia Waislamu wengi wa pwani yetu, lakini tangu mwaka 2024 mpango wake wa viza ya muda mrefu uitwao MM2H, ukiacha maeneo maalumu ya kiuchumi, unaanza na amana ya dola 150,000 pamoja na sharti la kununua nyumba isiyopungua ringgit 600,000. Thailand inakutaka uwe na umri wa miaka 50 au zaidi na uoneshe baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Ukihesabu baht 33 kwa dola, amana hiyo ni kama dola 24,000, na inabaki kuwa mali yako.

Hatua ya kwanza: gawa fedha mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la viza. Hizo baht 800,000 usizihesabu kama fedha za matumizi, kwa sababu kwa miezi mingi ya mwaka hutaruhusiwa kuzigusa. Fungu la pili ni la dharura: tiketi ya kurudi nyumbani kwa msiba, upasuaji ambao bima imeukataa, meno. Fungu la tatu ndilo la kuishi.

Kwa mtu mmoja anayeishi Chiang Mai bila anasa, fleti ya chumba kimoja hupatikana kwa baht 8,000 hadi 15,000 kwa mwezi. Ukijumlisha chakula, umeme, maji, intaneti, usafiri na bima ya afya, mimi ningemshauri asihame kama hana uhakika wa baht 45,000 kila mwezi. Wapo wanaoishi kwa pungufu ya hapo, lakini wengi wao hawana bima. Bangkok na Phuket ongeza. Miji ya kaskazini mashariki kama Udon Thani punguza.

Sasa angalia fedha yako inatoka wapi. Pensheni ya serikali ya Uingereza inalipwa Thailand, lakini haiongezwi kila mwaka: kiwango ulichoanza nacho kinaganda hapo hapo, hata ukiishi miaka 25. Hilo ni jambo zito kwa muuguzi aliyestaafu London, na ndiyo sababu baadhi ya watu huichagua Ufilipino, ambako nyongeza inaendelea kulipwa. Pensheni ya Social Security ya Marekani inafika Thailand, ila bima ya Medicare haivuki mpaka. Ile ya uzeeni ya Canada, OAS, hulipwa nje ikiwa uliishi Canada angalau miaka 20 baada ya kutimiza miaka 18.

Anayelipwa na mfuko wa Tanzania au Kenya ana mtihani mwingine: analipwa kwa shilingi na anatumia baht. Pensheni ya mwezi inayofikia baht 65,000 ni ya wachache sana kwetu, hivyo njia yenu ni ya amana. Kabla ya kuondoka, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko wako ukaulize uhakiki wa wastaafu utaufanyaje ukiwa ng'ambo, na upewe jibu kwa maandishi.

Hatua ya pili: nenda ukaishi kwanza, tena kwenye msimu mbaya

Watu wengi huenda kutazama mwezi Desemba, wakati hewa ya Chiang Mai ni safi na asubuhi kuna kaubaridi. Wanarudi wameshaamua. Nenda Machi. Kuanzia Februari hadi Aprili wakulima huchoma mabaki ya mazao, misitu nayo huungua, na moshi hujaa bondeni kiasi kwamba milima iliyo karibu na mji haionekani. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asiutazame moshi huo kama usumbufu mdogo. Ukiwa na afya hiyo, ama panga bajeti ya kuhama mji kwa miezi miwili kila mwaka, ama chagua mji mwingine kabisa.

Hua Hin, mji wa pwani unaofikika kwa treni kutoka Bangkok, umetulia, una hospitali nzuri na wastaafu wengi. Pattaya ni rahisi na ina kila huduma, lakini kelele zake si za kila mtu. Upande wa bahari ya Andaman, yaani Phuket na Krabi, mvua kubwa hunyesha Mei hadi Oktoba. Kisiwa cha Samui, upande wa pili, huloa zaidi Oktoba hadi Desemba.

Mwislamu atapata wepesi Krabi na Phuket, ambako misikiti na chakula cha halali viko mitaani kama kawaida. Hata Chiang Mai, mji wa mahekalu ya Kibudha, kuna mtaa wa Ban Ho wenye msikiti wa Waislamu wenye asili ya China na wauza vyakula wake. Mikoa ya kusini kabisa, Pattani, Yala na Narathiwat, ina Waislamu wengi zaidi, lakini mapigano yaliyozuka upya mwaka 2004 hayajaisha, na mimi siwezi kumshauri mstaafu akakae huko.

Jaribio lako liwe la maisha ya kawaida. Panga chumba kwa mwezi, usikae hotelini. Panda songthaew, gari lenye mabenchi mawili ya kutazamana nyuma, ambalo wazee wa Dar es Salaam wataliona na kukumbuka magari ya abiria ya zamani yaliyoitwa chai maharage. Nenda sokoni, nenda hospitali ukapime shinikizo la damu uone foleni na bei. Jambo moja la kusema wazi: mtu mweusi huko huangaliwa zaidi. Misako ya wageni waliozidisha siku, hasa ile ya mwaka 2018, iliwagusa sana Waafrika na watu wa Asia Kusini. Tembea na nakala ya pasipoti na ya muhuri wa kuingia, na usizidishe siku hata moja.

Hatua ya tatu: viza, na uiombe kabla ya kusafiri

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni viza ya Non-Immigrant O-A, inayoombwa katika nchi uliyo raia au mkazi wake. Inakupa mwaka mzima, na fedha zinaweza kubaki kwenye benki ya kwenu, lakini inadai cheti cha polisi, cheti cha daktari na bima ya afya yenye kinga ya baht milioni 3. Ya pili ni Non-Immigrant O, kwa kifupi Non-O, ya siku 90, ambayo ukishafika unaiongezea muda wa mwaka mmoja kwenye ofisi ya uhamiaji kwa sababu ya kustaafu. Kwa wengi hii ya pili ndiyo bora, kwa kuwa hailazimishi bima ya kiwango kile, na kila mwaka unairefusha ukiwa huko huko bila kurudi ubalozini.

Maombi ya viza sasa hufanywa kwa mtandao kupitia mfumo wa viza wa Thailand. Kwa ukanda wetu ubalozi uko Nairobi. Aliye ughaibuni huomba kupitia ubalozi wa nchi anakoishi. Andaa taarifa za benki, uthibitisho wa pensheni, picha, na mahali utakapofikia. Kama unakwenda na mume au mke aliye chini ya miaka 50, anaweza kukufuata kama mtegemezi wako, lakini cheti cha ndoa kipitie wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotolewa na kisha ubalozi wa Thailand. Cheti kisicho na mihuri hiyo kitawakwamisha mkiwa mbali na nyumbani, na kukirekebisha kutoka huko ni kazi ya miezi.

Mtu aliyeingia kama mtalii anaweza kubadilisha hadhi yake ndani ya nchi kwa baht 2,000, mradi ana siku za kutosha zilizobaki kwenye muhuri wake. Kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki nashauri aombe Non-O kabla ya safari, kwa sababu hana nafasi kubwa ya kurudi mpakani na kujaribu tena.

Hatua ya nne: chanjo na mambo ya uwanja wa ndege

Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa abiria wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti ni cha maisha. Ukiwa umevuka miaka 60 na hujawahi kuchanjwa, zungumza kwanza na daktari, maana hatari ya madhara makubwa huongezeka katika umri huo.

Tangu Mei 1, 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokutoza fedha kwa kadi hiyo si ya serikali.

Hatua ya tano: benki, moyo wa jambo lote

Ukifika, usianze na samani. Anza na akaunti ya benki. Tawi moja litakukataa na tawi la benki ile ile mtaa wa pili litakupokea, kwa hiyo usikate tamaa. Beba pasipoti yenye viza ya Non-O, mkataba wa nyumba, na uthibitisho wa makazi kutoka uhamiaji wakiuhitaji. Akaunti iwe ya jina lako peke yako, hata kama mmeoana miaka 40.

Fedha ziingie kutoka nje, zikionekana wazi kwamba zimetoka nje. Baht 800,000 zinatakiwa ziwe zimekaa kwenye akaunti miezi miwili kabla ya siku ya kuomba nyongeza ya mwaka mmoja wa kukaa nchini. Baada ya kuipata, zibaki zote kwa miezi mitatu. Kisha unaweza kutumia, lakini salio lisishuke chini ya baht 400,000 hadi utakapolijaza tena miezi miwili kabla ya ombi la mwaka unaofuata. Salio likipungua hata siku moja katika vipindi hivyo, afisa ataliona kwenye kitabu cha benki, na ombi la mwaka unaofuata linaweza kukataliwa. Ndiyo maana ninawasihi watu waweke fungu hilo kwenye akaunti yake peke yake, isiyo na kadi, na matumizi ya kila siku yapite kwenye akaunti nyingine. Bima ya amana ya Thailand hulinda hadi baht milioni 1 kwa kila mteja katika kila benki, hivyo fungu la viza linaenea humo.

Ukichagua njia ya kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, fahamu kwamba balozi za Marekani na Uingereza ziliacha kutoa barua za kuthibitisha kipato. Raia wao huonesha miezi 12 ya fedha zinazoingia kutoka nje bila kukosa mwezi. Ipo pia njia ya kuchanganya: kipato cha mwaka mzima pamoja na amana vifike baht 800,000.

Siku ya kuomba, pata barua ya benki na ukasasishe kitabu chako cha benki asubuhi hiyo hiyo. Jaza fomu TM.7, lipa baht 1,900, na uwe na subira na nakala. Kila ukurasa utasaini.

Hatua ya sita: nyumba

Panga kwa mwaka wa kwanza. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi Thailand. Anaweza kumiliki fleti kwenye jengo la kondominia, mradi wageni kwa jumla hawazidi asilimia 49 ya eneo la jengo, na fedha za kununulia ziwe zimeingia nchini kama fedha za kigeni kwa uthibitisho wa benki. Nyumba yenye kiwanja huchukuliwa kwa mkataba wa kupanga wa hadi miaka 30, nao ukizidi miaka 3 lazima uandikishwe kwenye ofisi ya ardhi. Dalali atakayekuambia ufungue kampuni yenye wanahisa Wathai wa jina tu ili umiliki kiwanja anakuingiza kwenye kosa la jinai. Mkimbie.

Kwa upangaji, amana ya kawaida ni kodi ya miezi miwili, pamoja na mwezi wa kwanza. Uliza umeme unalipwaje. Ukilipa shirika la umeme moja kwa moja, uniti ni kama baht 4. Wenye majengo wengine hutoza 7 au 8, na kwa mtu anayelala na kiyoyozi tofauti hiyo ni mlo wa wiki. Piga picha kila ukuta na kila bomba siku ya kuingia. Chiang Mai, mtaa wa Nimmanhaemin una jina na bei zake. Santitham na Chang Phueak viko karibu na ni nafuu.

Halafu kuna fomu TM.30: mwenye nyumba anatakiwa kuijulisha uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba mgeni anakaa kwake. Wengi husahau, na wewe ndiye utakayekwama dirishani. Kabla ya kusaini mkataba, mwulize kama ataijaza, na ubaki na risiti.

Hatua ya saba: kalenda ya uhamiaji

Kila siku 90 za kukaa mfululizo unaripoti anwani yako kwa fomu TM.47, kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake. Ukichelewa, faini ni baht 2,000. Ukitoka nchini hesabu inaanza upya.

Kosa linalowaumiza watu zaidi ni kusafiri bila kibali cha kurudi. Nyongeza yako ya mwaka inakufa pale unapovuka mpaka, isipokuwa umechukua kibali hicho: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Simu ya msiba haipangi siku. Chukua cha safari nyingi siku ile ile unayopata nyongeza, kiwe tayari kwenye pasipoti.

Viza hii haikuruhusu kufanya kazi, hata ya kujitolea, bila kibali cha kazi. Na heshima kwa ufalme ni sheria: kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kina kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na maandishi ya mtandaoni yanahesabika.

Hatua ya nane: afya

Hospitali za binafsi za Thailand, kama Bumrungrad ya Bangkok, zina sifa hadi Ghuba, na wagonjwa wengi wa Kiarabu huenda huko. Ubora upo. Swali ni nani analipa. Mpango wa afya wa taifa ni wa Wathai. Mgeni aliyestaafu hayumo. Hospitali ya binafsi itataka uthibitisho wa malipo kabla ya matibabu makubwa, na wiki moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi inaweza kumaliza lile fungu la viza lote.

Kata bima mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kabla ya miaka 65, kwa sababu kampuni nyingi hazipokei mteja mpya aliyevuka 70 au 75. Taja kila ugonjwa ulio nao. Anayeficha kisukari ili apate bei nzuri analipa ada miaka kumi na kunyimwa fidia siku ya kwanza anayoihitaji. Soma mambo matatu kwenye mkataba: kikomo cha mwaka, magonjwa yaliyotengwa, na kama kampuni ina haki ya kukuacha ukizeeka. Ukikataliwa kabisa, jiandikishe hospitali ya serikali, kwa mfano Maharaj Nakorn ya Chiang Mai, ambako mgeni hulipa bei nafuu kuliko binafsi ingawa foleni ni ndefu, na fungu lako la dharura liwe kubwa maradufu.

Pikipiki inastahili sura yake peke yake. Thailand ni miongoni mwa nchi zenye vifo vingi vya barabarani duniani, na wengi wa wanaokufa ni wa pikipiki. Wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu, jambo linalompa mgeni ujasiri asioustahili. Bila leseni halali ya pikipiki bima nyingi hazilipi chochote. Kwa mtu wa miaka 65 ningesema apande songthaew tu.

Hatua ya tisa: kodi

Ukikaa siku 180 au zaidi ndani ya mwaka wa kalenda, wewe ni mkazi kwa macho ya kodi. Tangu Januari 1, 2024 kipato cha nje unachokiingiza Thailand kinaweza kutozwa kodi. Akiba iliyokuwepo kabla ya tarehe hiyo haitozwi, kwa hiyo tunza taarifa ya benki inayoonesha salio la Desemba 31, 2023. Mwenye miaka 65 au zaidi ana msamaha wa kodi kwenye baht 190,000 za kipato chake, mbali na misamaha mingine. Pensheni nyingine zinalindwa na mikataba ya kuzuia kodi mara mbili, nyingine hapana. Lipa mshauri wa kodi mara moja, mwaka wa kwanza, akuoneshe njia.

Hatua ya kumi: wosia na mazishi

Mgeni akifa Thailand, benki hufunga akaunti yake hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Zile baht 800,000 hazitatoka kwa mjane kuonesha kadi ya ATM. Andika wosia wa Thailand kwa mali iliyo Thailand, kwa Kithai na kwa lugha unayoielewa, mbele ya mashahidi wawili wasiorithi, na umtaje msimamizi anayeishi huko. Wosia wako wa nyumbani usiufute kwa bahati mbaya: wakili aandike wazi kwamba huu unahusu mali ya Thailand peke yake.

Kawaida ya nchi ni kuchoma maiti. Ukitaka kuzikwa, iandike, na uwaambie watu walio karibu. Mwislamu ajitambulishe kwa imamu wa msikiti wa mtaa wake akiwa mzima, wajue jina lake na simu ya ndugu zake. Kusafirisha mwili hadi Afrika Mashariki ni gharama kubwa, na bima nyingi za afya haziigusi. Uliza, na kama haimo, tenga fedha hizo kwenye akaunti iliyo nyumbani kwa jina la mtoto au ndugu unayemwamini, ili asisubiri mahakama ya Thailand. Mpe mtu huyo pia nakala ya pasipoti, ya bima, ya wosia, na namba ya ubalozi wenu unaohudumia Thailand.